Chumvi, sukari au chuma: kulinganisha bondi za kikemia kwa macho ya mkazi wa Mombasa

Mpwa wangu alikuja Ijumaa baada ya swala, daftari la kemia kwapani, akaketi barazani na kuuliza hata kahawa haijamiminwa: "Mjomba, kati ya bondi ya ioni, ya kovalenti na ya metali, ipi ina nguvu zaidi?"

Nikamwambia swali lake halijakamilika. Akanikodolea macho kama mteja aliyeonyeshwa changu wa juzi.

"Nguvu mbele ya nani?" nikamuuliza. "Mbele ya moto? Maji? Nyundo? Au huu upepo wa bahari?"

Hilo la "mbele ya nani" sikulijua darasani. Nililijua nilipolipia geti la stenlesi, nikaapiwa na muuzaji kwamba halitashika kutu maishani, na kabla ya miezi minane likawa na madoadoa ya rangi ya chai. Geti tutalifikia. Kwa sasa jua tu kwamba ulinganisho huu ni wa watu wawili: anayejiandaa kwa mtihani, na anayejenga au kupika katika mji ambao hewa yake yenyewe ina chumvi.

Wa kuachiana, wa ubia, na wa mchango

Bondi ni mshiko unaofunga atomu pamoja. Chumvi ya mezani ni sodiamu na klorini. Atomu ya sodiamu ina elektroni 11, na moja tu imebaki peke yake kwenye mzingo wa nje. Ya klorini ina 17, na nje ziko saba. Imepungukiwa moja kutimiza nane. Sodiamu inaachia, klorini inapokea, na baada ya hapo si atomu tena bali ni ioni, moja ya chaji chanya na nyingine ya chaji hasi. Zinavutana. Ila mvutano huo hauna mchumba mmoja, na hapa ndipo wanafunzi wengi wanapoteleza: kila ioni ya sodiamu imezungukwa na za klorini sita, na kila ya klorini imezungukwa na za sodiamu sita, safu juu ya safu mpaka ukingo wa punje. Chukua kioo cha kukuzia utazame punje za chumvi; ni visanduku vyenye kona.

Bondi ya kovalenti ni ubia. Atomu mbili zinaweka elektroni katikati, kila mmoja anazihesabu kuwa zake, mfano wa nyumba mbili zenye kisima mpakani. Mmarekani Gilbert Lewis ndiye aliyelieleza wazo la jozi ya elektroni inayomilikiwa na atomu mbili, mwaka 1916, na neno "kovalenti" likaingizwa na mwenzake Irving Langmuir mwaka 1919. Sukari, maji, gesi ya kupikia, mafuta ya nazi na plastiki ya beseni ni ubia mtupu.

Metali ni mchango wa mtaa mzima. Elektroni za nje hazina mwenyewe. Zinazurura kati ya ioni chanya zote, na uzururaji huo ndio unaopitisha umeme na joto, na ndio unaoipa shaba mng'ao wake.

Shuleni tulikaririshwa kwamba metali na isiyo metali ni ioni, na zisizo metali mbili ni kovalenti. Kanuni hiyo inafaa kuanzia, haifai kulalia. Linus Pauling, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1954 kwa kazi yake juu ya bondi, alizipa elementi alama za jinsi zinavyovutia elektroni. Sodiamu ina 0.93 na klorini 3.16, pengo ni kubwa, elektroni inahama. Kaboni ina 2.55 na hidrojeni 2.20, pengo ni dogo, ubia unakuwa wa haki. Hidrojeni na oksijeni, 2.20 kwa 3.44, ni wabia ambao mmoja anapunja. Mpaka wenyewe ni kama mkono wa bahari wa Tudor wakati wa mvua: huku chumvi kabisa, kule maji ya mto, na katikati hakuna mwenye kamba ya kupimia. Kloridi ya alumini ni mfano mzuri wa hapo katikati. Ni metali na isiyo metali, lakini ukiipasha moto inageuka mvuke kwenye nyuzi 180 hivi, jambo ambalo chumvi ya kweli haiwezi kulifanya.

Jikoni, na taa iliyonidanganya

Tuliingia jikoni na kijiko cha chuma. Sukari juu ya moto wa gesi ililainika upesi, ikawa uji, ikapata rangi ya asali, halafu moshi, halafu mkaa mweusi ulioganda kijikoni na kunigombanisha na mwenye jiko. Sukari huanza kuharibika kwenye nyuzi 186 hivi. Chumvi ikapasuka pasuka kama bisi, kwa sababu ya matone madogo ya maji yaliyofungiwa ndani ya punje, kisha ikatulia pale pale, nyeupe. Ingehitaji nyuzi 801 kuyeyuka.

Hapa Kiswahili chenyewe kinatutega. Nyumbani tunasema barafu imeyeyuka na sukari imeyeyuka kwenye chai, neno moja kwa mambo mawili. Barafu imeyeyuka kwa joto. Sukari haikuyeyuka, imemumunyika. Mwanafunzi asiyetenganisha hayo mawili atashangaa kwa nini chumvi iliyogoma kwenye moto wa gesi inapotea kwenye glasi ya maji baridi. Haikupotea kwa udhaifu. Molekuli za maji, yaani vikundi vya atomu vilivyofungwa kwa ubia, zina upande wenye chaji hasi kidogo na upande wenye chanya kidogo. Zinaizunguka ioni moja moja na kuibeba, kama wachukuzi wanavyoipunguza shehena gunia kwa gunia. Moto hauna wachukuzi.

Tulipofika kwenye umeme, mambo yakaharibika. Nilikuwa na betri ya volti 9, rezista ndogo, taa ya LED niliyoing'oa kwenye tochi mbovu na nyaya mbili zilizochunwa ncha. Nyaya zikaingia kwenye maji ya chumvi, taa ikawaka. Vizuri. Zikaingia kwenye maji ya sukari, taa ikawaka pia, ingawa kwa unyonge.

"Mjomba! Sukari nayo ni ioni!"

Nilikaribia kutafuta maelezo ya uongo. Bahati nikachovya nyaya kwenye jagi lenyewe, ambalo halikutiwa kitu. Ikawaka. Maji yale yalikuwa ya kisima, yamekuja asubuhi na mkokoteni kwenye mitungi ya lita 20, na kisima cha kisiwani hapa kina chumvi na chokaa za kutosha kuwasha taa bila msaada wa mtu. Nikamtuma kijana kwenye duka la spea akalete maji ya betri, nikamsisitizia mara tatu: maji, siyo asidi. Kwa maji yale safi, taa ikalala. Tukatia sukari vijiko viwili, ikaendelea kulala. Tukabadilisha glasi, tukatia chumvi kidogo, ikaamka.

Sukari inapomumunyika hutawanyika molekuli nzima nzima, na molekuli nzima haina chaji ya kubeba umeme. Chumvi hutawanyika ioni kwa ioni. Ndiyo maana pia chumvi kavu kijikoni haipitishi umeme: ioni zimo, lakini kila moja imefungwa kwenye nafasi yake. (Usiziache nyaya majini muda mrefu. Waya mmoja unaweza kutoa klorini; ukisikia harufu ya bwawa la kuogelea, chomoa na ufungue dirisha.)

Na kama unadhani bondi ya ioni ndiyo tiketi ya kumumunyika, tazama kipimo: mililita 100 za maji ya kawaida hubeba gramu 36 hivi za chumvi, lakini za sukari hubeba kama gramu 200. Molekuli ya sukari ina vikono vinane vya oksijeni na hidrojeni vinavyoshikana na maji kwa urahisi. Mafuta ya nazi ni kovalenti vilevile, lakini hayana vikono hivyo vya kutosha, yanaelea juu ya mchuzi.

Nyundo ilikuwa ya mwisho. Bonge la chumvi ya mawe lilivunjika vipande vyenye nyuso bapa. Msumari ulibonyea, ukapanuka, haukuvunjika. Safu ya ioni ikisukumwa hatua moja, chanya inakutana na chanya, hasi na hasi, zinafukuzana na bonge linapasuka. Safu ya metali ikisukumwa, elektroni za mchango zinafuata. Hakuna aliyebadilishiwa jirani.

Kisa kimoja cha pembeni. Bibi yangu alikuwa akitia shabu kwenye chetezo kutoa kijicho, na shabu ile ikiyeyuka, ikatokota, ikavimba kuwa povu jeupe, naye akilisoma umbo lake kumtambua hasidi. Shabu ni kampaundi ya ioni, sasa mbona inayeyuka kwenye nyuzi 92 tu? Kwa sababu imebeba maji ndani ya fuwele zake, molekuli 12 kwa kila fungu, na inapopashwa humumunyika kwenye maji yake yenyewe. Povu ni mvuke unaotoka. Hasidi simjui, lakini mtahini anaweza kukuwekea shabu kwenye swali, kwa hiyo usihukumu kwa kipimo cha moto peke yake.

Kinachovunjika ni nini hasa?

Sasa lile kosa kubwa, ambalo nimelisikia hata kwa watu wazima: "Kovalenti ni dhaifu, ndiyo maana sukari na maji huyeyuka upesi."

Fungua kijipakiti cha karafuu maiti. Baada ya muda chumba kizima kinanuka kafuri. Kilichofika puani ni molekuli za kafuri zilizo kamili, kila moja na bondi zake zote za kovalenti. Hakuna bondi hata moja iliyokatika. Kilichokatika ni mvuto hafifu kati ya molekuli na molekuli. Linganisha na chumvi: iweke kwenye kisahani mwaka mzima, hutaisikia harufu, maana ioni haina njia ya kuruka peke yake na kuwaacha wenzake sita.

Gesi ya mtungi inaonyesha vizuri zaidi. Butani huchemka kwenye nyuzi -0.5 na propani kwenye -42, kwa hiyo ukifungua koki tu, kimiminika kilichobanwa ndani kinakuwa gesi. Koki imeshinda mvuto wa molekuli kwa molekuli. Ukipiga kiberiti ndipo bondi zenyewe za kaboni na hidrojeni zinapovunjwa na nyingine mpya kuundwa, na joto la hapo ndilo linalopika wali. Kuchemka na kuungua ni mambo mawili yasiyolingana hata kidogo kwa ukubwa.

Maji yana tarakimu zake. Kuvunja bondi ya oksijeni na hidrojeni ndani ya molekuli kunahitaji kilojuli 463 hivi kwa moli (kilojuli ni kipimo cha nishati, moli ni fungu la kuhesabia molekuli). Kuachanisha molekuli moja ya maji na jirani yake, ule mshiko uitwao bondi ya hidrojeni, ni kama 20. Birika inapochemka inalipa hiyo ndogo tu. Hata hivyo ndogo hiyo si ya kudharau: hidrojeni salfaidi, ile gesi yenye harufu ya yai viza, imejengwa kwa umbo la kufanana na maji lakini haina mshiko huo wa maana, na huchemka kwenye nyuzi -60. Bila bondi ya hidrojeni, bahari hii isingekuwa kimiminika.

Halafu kuna kovalenti isiyo na molekuli ndogo za kuachana. Kwenye silika, ambayo ni mchanga wa kutengenezea kioo, kila silikoni imeshikana na oksijeni nne, nazo zimeshika silikoni nyingine, mpaka mwisho wa punje. Hapo ukitaka kuyeyusha lazima uvunje bondi zenyewe, na ndipo ubia unapoonyesha meno. Almasi na grafiti, ile nyeusi iliyomo kwenye risasi ya penseli, ni ndugu wa ukoo huo, kaboni tupu zote mbili. Tofauti ni mpangilio tu.

| Kitu | Bondi | Kuyeyuka (°C) | Umeme | Nyundo |
|---|---|---|---|---|
| Chumvi | ioni | 801 | ikiwa kavu hapana. Ikiwa majini au imeyeyuka, ndiyo | hupasuka |
| Sukari | kovalenti, molekuli | 186 hivi, huungua | hapana, hata majini | husagika |
| Silika | kovalenti, mtandao | 1,710 hivi | hapana | hupasuka |
| Alumini | metali | 660 | ndiyo | hubonyea |
| Chuma | metali | 1,538 | ndiyo | hubonyea |

Ukipewa unga mweupe usioujua kwenye mtihani, anza na maji safi na taa, ndipo uende kwenye moto. Moto unaharibu ushahidi.

Klorini ileile

Kitu hiki ndicho kilichonifanya niandike. Kwa uzito, karibu asilimia 61 ya chumvi ni klorini. Na bomba la PVC, ile plastiki yenyewe kabla haijachanganywa na viungo vingine, ni klorini karibu asilimia 57. Elementi ni moja na viwango vinakaribiana. Mbona moja inakula geti langu na nyingine inapitisha maji ya chumvi miaka na miaka bila kuumwa?

Kwenye chumvi, klorini ni ioni. Hewa yetu ikiwa na unyevunyevu, punje iliyoletwa na upepo humumunyika kwenye umande juu ya chuma, na ioni zikawa huru kutembea. Maji ya bahari yana gramu kama 35 za chumvi kwa lita. Tone moja likikauka kwenye geti huacha chumvi yake yote pale. Kutu ni kazi ya umeme mdogo: sehemu moja ya chuma inatoa elektroni, nyingine inazipeleka kwa oksijeni, na maji yenye ioni hufunga mzunguko. Ni taa yangu ya LED, bila taa.

Kwenye PVC, klorini imefungwa kwa ubia na kaboni. Haitembei, haibebi chaji, haina habari na umande. Kwa hiyo ukiambiwa "hii ina klorini" au "ile haina", uliza kwanza klorini imeshikwa kwa bondi gani.

Geti, paa na dirisha

Stenlesi ni chuma kilichochanganywa na kromiamu, asilimia 10.5 au zaidi. Kromiamu hushikana na oksijeni na kufanya ngozi nyembamba sana juu, na ngozi hiyo ndiyo ngao. Ioni za kloridi, yaani ile klorini ya kwenye chumvi, ndizo zinazojua kuitoboa kwa vitundu vidogo. Kwa pwani inatakiwa aina ya 316, yenye molibdenamu asilimia 2 hadi 3, inayoistahimili kloridi zaidi kuliko 304 ya kawaida. Mimi niliuziwa kwa kipimo cha sumaku: "Tazama, haishiki, ni stenlesi halisi." Sumaku itakuonyesha stenlesi ya aina ya 430, maana hiyo inashikwa, lakini 304 na 316 kwa kawaida zote hazishikwi kwa nguvu ya maana. Ule mchezo wa sumaku haukunithibitishia chochote nilichohitaji kujua. Dai aina iandikwe kwenye risiti.

Kama bei ya 316 inakukata maini, na inakata, chuma cha kawaida kilichochovywa zinki na kupigwa rangi ni chaguo la heshima. Zinki hutoa elektroni upesi kuliko chuma, kwa hiyo ikikwaruzwa inaliwa yenyewe kwanza. Ndiyo siri ya mabati. Yale ya mchanganyiko wa alumini asilimia 55 na zinki huchukua muda mrefu zaidi, kwa kuwa alumini nayo hujifunika ngozi ya oksidi. Kwa fremu za madirisha zinazotazama bahari mimi ningechagua alumini bila kusita. Na chochote utakachochagua, kimwagie maji matamu mara kwa mara kuondoa chumvi, hasa sehemu zilizo chini ya upenu ambazo mvua haizifikii. Geti langu lilianza kuoza upande wa ndani.

Bomba

Hapa sina mengi. Maji ya kisima, plastiki. Bomba la chuma lenye zinki litakusumbua. Ila plastiki ina adui wake, na si chumvi. Minyororo ya kovalenti hukatwa na miale ya jua, na kati ya mnyororo na mnyororo kuna mivuto hafifu tu, kwa hiyo joto huilegeza. PVC hulainika karibu na nyuzi 80. Kwa maji ya moto chukua PPR, plastiki nyingine ya mabomba, na popote bomba linapopita juani lifunike au lipake rangi.

Mchanga na nondo

Hili ni zito kuliko geti, maana geti likioza unabadilisha. Zege safi lina alkali kali, na alkali hiyo inaivisha nondo ngozi ya kinga. Mchanga wa ufukweni ukitumika bila kuoshwa, au simiti ikikorogwa kwa maji ya chumvi, umeingiza ioni za kloridi ndani ya ukuta kwa mkono wako. Ngozi inatobolewa, kutu inaanza, na kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilicholiwa. Zege haliwezi kuvutika. Linapasuka, vipande vinaanguka, nondo zinaonekana. Umeshaziona nguzo za namna hiyo kwenye majengo yaliyo karibu na maji.

Ngome ya Fort Jesus ilianza kujengwa mwaka 1593 na bado imesimama, ikipigwa na chumvi ileile. Haina nondo. Ni matumbawe na chokaa, yaani kalsiamu kaboneti: ioni ya kalsiamu na ioni ya kaboneti zinavutana, na ndani ya kaboneti yenyewe kaboni na oksijeni ziko kwenye ubia. Haina elektroni za kuzurura, kwa hiyo haina kutu. Adui yake ni asidi. Dondoshea tumbawe ndimu uone linavyotoa mapovu.

Kwa hiyo ukijenga kwa zege hapa: mchanga wa mto au uliooshwa, maji matamu, na usikubali fundi aache nondo karibu na uso wa nguzo kwa kubana simiti. Ukuta wa uani usiobeba mzigo, wa mawe ya matumbawe na chokaa, hauhitaji hofu hiyo.

Sufuria au chungu

Sufuria ya alumini hupeleka joto upesi kwa elektroni zake za mchango, na huuzwa bei ya kila mfuko. Moto wa gesi una joto kupita 660, lakini maji yakiwamo ndani, alumini haiwezi kupanda mbali na 100. Isahau ikauke, utaikuta imepinda. Adui yake mwingine ni ukwaju na ndimu: asidi humumunyisha ile ngozi ya oksidi, na mchuzi unapata ladha ya bati. Samaki wa kupaka wa ukwaju mwingi ninampika kwenye chungu au stenlesi. Chungu ni udongo uliochomwa, silikoni na oksijeni kwenye mtandao, na joto hupenya pole pole, jambo linalofaa sana mchuzi wa nazi usitake kukatika. Kikianguka, basi. Stenlesi haina kosa ila huunguza katikati, maana hupeleka joto vibaya kuliko alumini.

Mpini mweusi wa kikaango nao ni plastiki, lakini minyororo yake imefungwa pamoja kwa bondi za kovalenti pande zote. Haulainiki, ukizidiwa unaungua. Beseni la plastiki halina vifungo hivyo, ndiyo maana ukiliegesha kwenye jiko linainama kama mshumaa.

Sabuni

Sabuni ya kipande ni kitu chenye bondi zote mbili kwa wakati mmoja: mkia mrefu wa kaboni na hidrojeni, kovalenti, unaoshika mafuta, na kichwa cha ioni, kinachoshika maji. Kwa maji ya bomba inatosha. Kwa maji ya visima vyetu, vilivyochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, kalsiamu inakivamia kile kichwa, inakaa mahali pa sodiamu, na kinachotokea hakimumunyiki: ni ule utando wa kijivu unaoganda ukingoni mwa beseni na kwenye kola za kanzu nyeupe. Unasugua, povu haliji, unaongeza sabuni, utando unazidi. Sabuni ya unga imetengenezwa kwa kichwa cha aina nyingine, ambacho kalsiamu haikigandishi kirahisi.

Basi kwa kanzu na shuka zinazofuliwa kwa maji ya mkokoteni, nunua ya unga. Kipande kiweke kwa ajili ya masika, siku utakapokinga maji ya paa kwenye pipa. Hayo hayana kalsiamu, na povu lake utalisuuza mpaka uchoke.